Nilifuta komenti ya mteja kwenye websaiti yangu ya kofia, na sikupata amani mpaka nilipoirejesha

Wakuu, asalaam alaykum. Na wasiosalimiwa hivyo, nawasalimu kwa yao.

Mie bibi mtu mzima, nna wajukuu tisa. Nnakaa Michenzani ghorofa ya nne na ngazi napanda kwa miguu yangu, sishikwi mkono. Shule niliishia darasa la nne. Mkiona herufi imekaa upande, iwekeni sawa wenyewe, msinisumbue.

Ninayoyaleta yamenikuta mimi, sikuhadithiwa. Chumvi sitatia. Daktari kanikataza chumvi, na presha haiulizi kama chumvi ni ya mchuzi au ya maneno.

Kazi yangu ni kudarizi kofia. Zile nyeupe za viua, anazovaa mtu Ijumaa, na Idi, na siku ya kuoa. Unachora ua kwa penseli kwenye kitambaa cheupe cha bafta, unatoboa kitundu kimoja kimoja, unakizungushia uzi mpaka kisimame kama jicho la samaki. Kofia moja miezi miwili, mitatu. Anayekwambia wiki moja, muulize ana mikono mingapi.

Jambo moja mlijue mapema, maana kesi yote imekaa hapo.

Kofia haishonwi na mtu mmoja. Ina vipande viwili: cha juu, kile cha duara kama kisahani, na cha kuzunguka kichwa. Sisi tuko wanawake saba. Huyu anashona cha juu, yule cha kuzunguka, mwisho vinakuja kwangu naviunga. Ndivyo walivyofanya mama zetu. Lakini jina linalotoka ni moja tu: kofia ya Bi Rukia.

Jina hilo nimelijenga zaidi ya miaka thelathini. Mjini huku, mtu akivaa kofia yangu msikitini haulizwi kaipata wapi.

Sasa, websaiti.

Zamani mwana wa dada yangu, alikuwa akifanya kazi hotelini Paje, akanitengenezea websaiti. Nikapika pilau, nikaita majirani waje kuona. Mlikuwa na picha yangu nimekaa mlangoni, picha ya kofia moja, maneno ya Kizungu, na nambari ya simu.

Basi. Ikakaa vivyo hivyo miaka na miaka.

Simu ikaibiwa, nikabadilisha nambari. Websaiti ikabaki na ile ya zamani. Mwana wa dada yangu akenda zake Muscat, na password akenda nayo. Kofia ya pichani nilishaiuza, aliyeinunua keshafariki, Mungu amrehemu, na watu bado wanaitaka ile ile!

Mtu yuko mbali anaisoma. Ana swali, ana sifa, ana tusi, vyote anabaki navyo mdomoni. Hapana pa kuvitua.

Na nikwambieni kweli: hali ile ilinipendeza. Ukuta haujibu, lakini pia haukusemi vibaya.

Mjukuu wangu Nasra, mtoto wa binti yangu, ndiye aliyeivunja. Nasra ni mwanamke mzima, ana mume na mtoto, na kazi yake ni hizo kompyuta. Siku moja kaifungua ile websaiti kaitazama, kaguna.

"Bibi, hii si websaiti. Hili jiwe la kaburi."

"Astaghfirullah! Na mie nimo ndani?"

"Umo. Na picha yako juu."

Akakaa miezi akajenga mpya. Wakuu, ile nyengine kabisa. Mteja anaingia na jina lake. Anachagua ua, anachagua rangi ya uzi, anapima kichwa chake kwa kamba na kuandika inchi. Anaona kofia yake imefika wapi: imechorwa, imetobolewa, imeungwa. Na chini pana mahali pa kusema analotaka, na kila apitaye analiona.

Nasra akanieleza kwa lugha ya kunitosha. "Ile ya mwanzo, Bibi, wewe ulisema, watu wakasoma. Hii watu wanasema, wewe unasoma."

Nikamwambia sawa, lakini ni nyumba yangu, na ufunguo niwe nao. Akanitilia kwenye simu yangu. Nikaweza kujibu mwenyewe, na kuondoa mwenyewe.

Mwanzo raha tupu. Mama mmoja wa Mwanza akaandika, mbona hamna kofia za watoto? Hatukuwa nazo. Nasra akaongeza mahali pake, tukashona, zikaenda. Bwana mmoja akalalamika kichwa chake kikubwa na inchi zake hazimo kwenye orodha. Nikamjibu, usione haya, kichwa kikubwa ni baraka, tumekuongezea. Watu wakacheka. Nikawa nafungua simu asubuhi kabla ya chai.

Ngojeni kwanza, nageuza mkate wa kumimina.

Haya, nimerudi.

Siku moja akaingia kijana wa Tanga, jina lake Hamdu. Aliagiza kofia ya kuolea. Imemfikia, nikah bado wiki saba. Akaandika hivi:

"Shikamoo Bibi. Kofia imefika, ni nzuri. Lakini cha juu ni cha mkono, na cha kuzunguka ni cha mashine. Mimi niliagiza ya mkono. Aliyegundua ni bibi yangu, yeye alikuwa akidarizi. Naomba msaada."

Alinisalimu vizuri, wakuu. Hilo nalitaja kwa sababu mie sikumjibu vizuri.

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Mashine! Mimi! Nikaandika:

"Marahaba. Mashine ni akili yako. Mie nashona kofia babako hajajua kufunga kamba ya suruali. Mwambie bibi yako anunue miwani."

Nikatuma. Nikanywa maji. Nikajiona shujaa.

Haikupita hata saa, Nasra kanipigia. "Bibi, umemjibu nini mteja?"

"Anachostahili."

"Bibi, anayesoma si yeye peke yake!"

Nikafungua. Watu washajaa. Wengine wanacheka, "Bibi moto." Wengine hawacheki. Mwanamke mmoja aliyeagiza kofia tatu za wanawe akaandika kwa adabu, "Naomba mnisitishie zangu kwanza, mpaka nijue."

Hilo ndilo lililonichoma. Nikafanya kitu ambacho mtu wa zama zangu ndiye angekifanya. Nyumbani kwangu mtu akichora ukuta kwa mkaa, nachukua chokaa napaka. Sifanyi mjadala na mkaa. Basi nikashika komenti ya Hamdu, na jibu langu, na maneno ya watu wote chini yake, nikaondoa. Ukuta mweupe. Nikashukuru Mungu.

Alasiri Hamdu karudi. Keshapiga picha ile komenti kwenye simu yake kabla haijaondoka, kaiweka tena, na jibu langu la kamba ya suruali limo. Chini kaandika maneno matatu, "Mmenifuta. Kwa nini?"

Na mtu mwengine, hata simjui, akaongeza: "Anayefuta ana jambo."

Wakuu, mjini huku nimesemwa mengi. Nimeitwa mkali, nimeitwa mwenye kiburi. Mwongo sijapata kuitwa.

Kesho yake Hamdu kaleta ushahidi. Hakutukana. Kaigeuza kofia ndani nje, kapiga picha, kaiweka. Hakuandika neno.

Nikamwita Nasra aje na kompyuta yake kubwa. Nikavaa miwani. Akaikuza picha mpaka uzi ukawa mnene kama kamba ya katani.

Nje ya kofia mashine inaweza kukudanganya. Ndani haiwezi. Mkono ukishona, ndani pana vifundo, pana mahali uzi umeruka kufuata kiua cha pili, pana siku mshonaji alichoka na siku alifurahi. Mashine nyuzi zake mbili zinakwenda sawasawa kama askari wa gwaride.

Kile cha juu nilikijua, mshono wangu mwenyewe. Cha kuzunguka kilikuwa gwaride.

"Bibi?" Nasra ananitazama.

"Kijana kasema kweli," nikamwambia. "Bibi yake haumwi macho."

Na kilichonivunja zaidi ni kuwa nilimjua wa kipande kile. Kilitoka kwa Shemsa.

Bi Shemsa ni shoga yangu. Tumechezwa unyago pamoja, tumezaa mwaka mmoja, mume wangu alipofariki alikaa nami eda yote. Hakuna mwanamke kisiwani humu mwenye viua vidogo kama vyake. Kipande chake sikuwa nakigeuza nikakitazama ndani. Nakiunga tu. Ya nini kumkagua Shemsa?

Nikajitanda baibui nikaenda Chukwani kwake.

"Hodi!"

"Karibu! Nani?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni kwake mchana kweupe, na yeye ananiuliza nani. Lakini hasira zina pazia, sikulitia akilini.

"Rukia."

"Bi Rukia! Leo jua limetokea wapi?"

"Limetokea Tanga," nikamwambia.

Akacheka, hakuelewa. Nikakaa. Njiani nilikuwa nimepanga maneno makali kama kumi, lakini nilipomwona anapapasa kutafuta kikombe kilichokuwa mbele yake, yote yakanitoka. Nikafungua ncha ya kanga yangu, nikatoa sindano na uzi.

"Shoga, nitungie uzi huu. Miwani nimeiacha."

Akachukua. Akalowesha uzi kwa ulimi. Akakosa. Akakosa tena. Akaligeukia dirisha, akainua sindano juu, uzi ukapita pembeni kabisa. Kisha akaishusha mapajani.

"Umekuja kunipima kama mtoto wa chuo cha Kurani," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu Mfungo Tatu, mwezi wa kuhiji. La kulia moshi mtupu. La kushoto watu nawaona, viua sivioni."

"Na vipande?"

"Vipande nampelekea fundi mmoja ana mashine. Namchorea kwa mdomo, yeye anafanya." Akanirudishia sindano. "Nani kakwambia?"

"Mwanamke wa Tanga, hata sura simjui. Shemsa, wewe uko Chukwani hapa, kwa nini hukunambia?"

Akanigeukia kwa macho yake yale. "Nikwambie wewe? Asha mwenzetu alikosea viua vitatu. Ukakikunjua kipande chake mbele ya watu harusini, ukamwambia akashone magunia. Mpaka leo hajarudi. Halafu mie nije nikwambie sioni?"

Nikafungua mdomo.

"Ngoja, sijamaliza. Ungenipa pole mchana, na jioni kipande changu ungempa mwengine. Sema si kweli."

Wakuu, ilikuwa kweli.

Nilirudi Michenzani nazitafuna zile habari njia nzima. Nasra kanijengea mahali ambapo mtu wa Mwanza asiyenijua ananiambia la moyoni mwake. Na shoga yangu wa miaka hamsini hana mahali hapo. Websaiti ilibadilika, mie nilibaki ile ya zamani. Picha mlangoni, kofia moja, na nambari ambayo ukiipiga haipokelewi.

Nikamwambia Nasra, "Nataka maneno yale yarudi. Yote. Na tusi langu pia."

"Yapo, Bibi."

"Nimeyafuta!"

"Nilikuwekea kitufe cha kuficha, sio cha kufuta." Akacheka mtoto yule. "Nakujua."

Akayarejesha. Nikaandika mwenyewe, ilinichukua asubuhi nzima. Niliandika hivi:

"Mwanangu Hamdu, umesema kweli na mie nimesema upuuzi. Cha juu ni mkono wangu. Cha kuzunguka ni mashine. Mmoja wetu alipata udhuru akaogopa kuniambia, na kosa la kuogopwa ni langu. Sikukigeuza nikatazama. Nirudishie kofia. Nakushonea kipande kipya, na kitafika kabla ya nikah yako. Bibi yako mpe salamu zangu, na ile miwani naihitaji mimi."

Nikatuma, nikaiweka simu chini ya mto kama nimeficha bomu.

Hamdu akajibu: "Ahsante Bibi. Baba anasema kamba ya suruali alishajua."

Watu walivyocheka! Na yule mama wa kofia tatu akaandika, "Zangu endeleeni nazo."

Lakini ahadi ilikuwa nzito. Kofia ilivyonifikia, zimebaki wiki tano. Kipande cha kuzunguka kwa mkono mmoja ni wiki nane. Wale wengine wote wana kazi mikononi. Kisiwani palikuwa na mtu mmoja mwenye mkono mwepesi aliye huru, na mtu huyo nilimwambia akashone magunia.

Nikenda kwa Asha. Kafungua mlango, kanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Bi Rukia. Magunia yamekwisha?"

Nilistahili. Nikamwomba radhi pale pale mlangoni, jirani yake anasikia. Akaniacha nimesimama kama kwa kusudi, kisha akasema, "Ingia basi, usije ukaanguka ukanitia kesi."

Kipande kilikuwa hakipoi. Asubuhi nashona mie, nikisali adhuhuri nampa Asha, anashona mpaka jua linapungua. Tulikuwa tukikaa Chukwani, kwa Shemsa, ndiye aliyetaka. Alisema kama hawezi kushona basi atatusumbua. Na alitusumbua! Anashika kipande, anapitisha kidole ndani yake, "Hapa Rukia ulikuwa na hasira. Legeza." Na ni kweli nilikuwa nayo.

Nasra alikuwa akija akitusomea yaliyoandikwa. Shemsa anasikiliza. Watu wanauliza, yule mwenzenu aliyepata udhuru hajambo? Mwambieni asiogope. Hatukumtaja jina, wakuu, na mtu hamjui anamuulizia hali.

Siku ya nne Shemsa akamwambia Nasra, "Hicho kidude kinaweka sauti?"

"Kinaweka."

"Washa." Akajiweka sawa mtandio kama anapigwa picha. "Ni mie Shemsa wa Chukwani. Kipande cha mashine ni changu. Macho yamenikimbia, nikaona haya. Mdomo haujanikimbia. Anayetaka kujua ua lipi linaitwaje na linashonwaje, aniulize mimi, msimuulize Rukia, yeye atawatukana."

Mpaka leo hiyo ndiyo kazi yake. Watu wanaandika maswali, Nasra anamsomea, yeye anajibu kwa sauti. Ana wafuasi wengi kuliko mimi na sioni wivu. Naona kidogo. Jicho moja keshafanyiwa operesheni, la pili linasubiri zamu.

Na Hamdu akatoa rai moja: kwa nini kila kofia msiiweke picha ya ndani pia, na majina ya walioshona? Ile websaiti ya zamani nambari ya simu tu ilishindikana kubadilika. Hii, siku ya tatu Nasra keshaweka. Sasa hakuna tena kofia ya Bi Rukia peke yake. Ukifungua utaona: juu kashona fulani, kuzunguka kashona fulani, kuunga Rukia. Nilidhani jina langu litapungua. Walioagiza mwezi ule ni wengi mpaka tukamchukua na mwanamke mmoja wa Paje, analima mwani na mkono wake ni safi.

Kofia ya Hamdu ilitoka siku tisa kabla ya nikah. Niliigeuza ndani nikaitazama mshono kwa mshono, mimi, kisha Asha, kisha kidole cha Shemsa. Ndipo ikafungwa.

Siku ya harusi nilishinda na simu. Hamna kitu. Siku ya pili hamna kitu. Nikasema basi, haikufika, au imefika imebana.

Siku ya tatu ikaja picha. Nikatarajia bwana harusi na kanzu na joho. Sivyo. Ni bibi kizee kama mie, kakaa kitini, kofia iko mapajani mwake imegeuzwa ndani nje, na miwani iko puani. Kidole chake kimewekwa juu ya kifundo kimoja kwenye kile kipande cha kuzunguka.

Chini Hamdu kaandika, "Bibi anauliza, hapa nani alikuwa anacheka?"

Nikaikuza. Nikakijua kile kifundo. Ni siku ile Shemsa aliposema mimi ntawatukana, nikacheka na sindano mkononi.

Wakuu, funzo langu ni hilo. Wenye maduka, wenye vibao, wenye kurasa zenu humu mitandaoni: ukiwajengea watu mahali pa kusema, wasikilize mpaka mwisho, hata wakisema usilolitaka. Na ukimaliza kusikiliza wa mbali, kamtazame wa karibu, huenda ana lake na hana pa kuliweka.

Haya, semeni na nyinyi. Nani hapa keshafuta kweli kwa kuwa ilimuuma? Nani kafutwa? Na mwenye la kunikosoa aje nalo, siondoi neno la mtu tena.

Ila mnisalimu kwanza.